Umeshuti Dunga, Mbona Filamu Yako Inasikika Los Angeles?

Wasee wa filamu hapa Kisumu, leo mniwie radhi, lakini hii maneno lazima isemwe. Thrila zenu zinaonekana poa. Picha kali, rangi iko sawa, mwigizaji analia machozi ya kweli. Shida inaanza mtu akifunga macho. Ukifunga macho, filamu haiko Kisumu tena.

Jaribu mwenyewe. Chukua thrila yoyote fupi ya wanafunzi wa huku, weka simu kifudifudi mezani, sikiliza dakika tano tu. Utasikia nini? Ule mlipuko wa "bwaaam" wa trela za Hollywood. Mlango wa mbao wa jumba la kizungu unaolia kriii, na kwenye picha nyumba iko na mlango wa chuma, iko Nyalenda. King'ora cha polisi wa New York kinamfukuza jambazi hapo Kondele. Mbwa mwitu anaulilia mwezi. Maze, mbwa mwitu! Nyuma ya Milimani! Halafu mapigo ya moyo, dup-dup, dup-dup, kuanzia dakika ya kwanza mpaka majina ya mwisho.

Hiyo ni pakiti ya sauti umedaunilodi usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi, ukaimwaga kwenye picha kama chumvi. Msimamo wangu niuweke wazi mapema, ili ukitaka kunikasirikia ujue pa kuanzia: anayejaza thrila yake sauti za pakiti asiniambie amekosa vifaa. Amekosa kusikiliza. Na thrila isiyosikiliza haiwezi kumtisha mtu.

Fikiria vile watu huogopa. Mtu akiona kitu kinatisha anafunika macho na viganja. Masikio hayana kope. Sauti itampata tu, hata akijificha nyuma ya kiti. Sasa masikio hayo yamelelewa wapi? Msee aliyekulia Manyatta anatofautisha boda na tuktuk bila kuchungulia nje. Tuktuk ya jirani anaijua kwa vile injini inakohoa. Geti likiburutwa kwenye saruji saa sita usiku, anajua ni la nani. Anajua mvua imefika mtaa wa pili kwa sababu ameisikia ikigonga mabati ya wenyewe. Huyo ndiye mtazamaji wako, na masikio yake yako na digrii. Ukimletea king'ora cha New York, ubongo wake unamwambia, "Tulia, hii ni muvi." Akishatulia, thrila imekwisha, hata kama umebakisha maiti tatu.

Najua jibu lenu: "Lakini hata Hollywood wanatumia sauti za pakiti." Kweli wanatumia, na wanachekwa. Filamu za zamani za Tarzan zilijaza msitu wao wa "Afrika" kicheko cha kookaburra, ndege wa Australia. Yule tai mwenye kichwa cheupe ambaye Wamarekani wanamfanya nembo ya taifa, kwenye filamu mara nyingi anabandikwa mlio wa mwewe, kwa sababu sauti yake mwenyewe ni nyembamba na haitishi. Kuna yowe moja la mwanamume linaitwa Wilhelm. Lilirekodiwa kwa ajili ya filamu ya Distant Drums ya 1951, likaingia Star Wars mwaka 1977, na limetumika kwenye mamia ya filamu. Siku hizi mtu akianguka ghorofani na yowe hilo, wanaolijua wanacheka. Ndiyo hatima ya sauti ya kila mtu. Inazoeleka, halafu inakuwa utani.

Na hiyo kookaburra iniume kidogo, kwa sababu inatuhusu. Watu wa mbali walituwekea ndege wa Australia kwa vile hawakuwahi kuja kusikiliza. Wewe uko hapa. Kila asubuhi kwarara wanapita juu ya paa lenu wakipiga kelele kama mtu aliyekanyagwa kidole, halafu unaingia intaneti kutafuta "ndege wa kutisha". Kisingizio chako ni kipi, omera?

Jibu la pili huwa hili: "Sauti za filamu ni uongo tangu zamani." Hapo nakubaliana na wewe mia kwa mia. Jack Foley, aliyefanya kazi Universal wakati filamu zinaanza kuongea mwishoni mwa miaka ya 1920, alikuwa anatembea studioni mbele ya picha ili hatua za mwigizaji zisikike. Jina lake ndilo limebaki kwa kazi hiyo, foli. Kwenye Psycho ya 1960, kile kisu cha bafuni kinachoingia mwilini ni kisu kwenye tikiti. Hakuna mtu alichomwa, na dunia nzima iliogopa kuoga.

Kwa hivyo sikuombi ukweli wa mahakamani. Danganya. Lakini danganya na vitu vya hapa, vilivyopikwa kwa ajili ya picha yako, vikarekodiwa kwa umbali wa picha yako. Nenda Kibuye siku ya soko na shilingi mia mbili, urudi na mauaji kamili kwenye mfuko. Muwa ukivunjwa karibu na maiki ni mfupa wa mkono, na sisi tuko karibu na miwa, kuanzia Kibos mpaka Chemelil na Muhoroni. Papai lililoiva kupita kiasi ni tumbo. Omena kavu ukizimimina polepole kwenye sinia ya bati unapata kitu chenye miguu mingi kinachotembea ndani ya dari. Bua la gugumaji limejaa hewa kama sponji. Likamue karibu na simu, utasikia ngozi ikiachana na nyama. Kuna pakiti gani inauza hiyo?

Ajabu ni kwamba hii kazi mnaijua. Aliyepitia drama shuleni anajua vile kikundi cha watu ishirini kinaleta mvua jukwaani. Vidole kwenye viganja, halafu viganja kwenye mapaja, halafu miguu kwenye mbao, mpaka mzazi wa mstari wa mbele anatafuta mwavuli. Hakuna spika, hakuna laptopu. Kikundi hicho hicho kikipewa kamera, ghafla hakina mikono. Kinatafuta mvua ya Oregon.

Twende kwenye kitu cha maana zaidi, hofu yenyewe. Kila mahali pana sauti yake ya kuogopwa, na pwani hii ya ziwa imebarikiwa mpaka inaudhi.

Ukilala nyumba ya mabati huku kwetu, sauti ya kutisha kuliko zote ni mchanga. Ngumi moja ya mchanga ikirushwa juu ya paa saa nane usiku, ikateremka shhhhh mpaka ukingoni. Halafu kimya. Halafu kitu kinajisugua mlangoni. Kila mtoto aliyewahi kulala kwa nyanya yake anajua huyo ni nani. Ni jajuok, yule anayekimbia usiku. Sisemi umwamini, na sisemi umnyooshee jirani kidole. Nasema mchanga ni wa bure, bati ni la bure, na ukiweka sauti hiyo kwenye ukumbi wa watu mia tatu wa Nyanza, watu mia tatu wataacha kutafuna njugu. Sauti hiyo iko na historia ndani ya mwili wao. Mbwa mwitu wako hana.

Muziki wa matanga je? Ule wa mbali, unaokuja na upepo, besi tu bila maneno. Yeyote wa huku akiusikia anajua kuna mtu amelala kwenye jeneza mahali fulani, na watu wako macho. Weka hiyo chini kabisa ya mazungumzo ya kawaida, mama na mtoto wanakula ugali, hakuna anayetaja kifo. Mtazamaji atakitaja mwenyewe moyoni.

Au majini. Mtu anatoroka na boti ya injini usiku, gugumaji linaanza kusugua ubavu, injini inajikwaa, inakohoa, inazima. Sasa kuna maji tu yanayogonga mbao. Halafu, mbali, injini ya pili. Hapo huhitaji violini hata moja. Ukitaka muziki lazima, chukua orutu, uzi mmoja na upinde, ukwaruze noti moja mpaka meno yaume. Au nyatiti. Mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kugonga nayo ubavu wa chombo. Rekodi huo mgongo peke yake bila nyuzi, utapata mapigo ya moyo ambayo hayako kwenye filamu ya mtu mwingine yeyote.

Na kuna vyura. Nenda upande wa mashamba ya mpunga ya Ahero mvua ikishanyesha, usiku ni vyura elfu wanabishana. Ukitaka kutisha, usiongeze kitu. Toa. Wanyamazishe wote kwa wakati mmoja. Mtazamaji atainua kichwa bila kujua kwa nini, kwa sababu kila aliyekulia karibu na maji anajua vyura hunyamaza mtu akipita.

Kutoa ndiyo somo ambalo pakiti haiwezi kukufundisha, maana pakiti imetengenezwa kujaza. Hitchcock alitengeneza The Birds mwaka 1963 bila muziki wa okestra wa kumwambia mtu aogope. Ndugu wa Coen walitoa No Country for Old Men mwaka 2007 ikiwa karibu haina muziki kabisa, na moja ya sauti zinazokumbukwa humo ni karatasi ya njugu inayojikunjua yenyewe juu ya kaunta. Karatasi! Na wewe uko na milipuko kumi na nne ya "bwaaam" kwenye filamu ya dakika nane. Mlipuko wa kumi na nne unamtisha nani?

Sasa mnaniambia hakuna pesa. Tuongee pesa. Simu uliyonayo mfukoni, ile ile unayotengenezea video za kucheza, inarekodi sauti ya kutosha ukiiheshimu kidogo. Tafuta programu ya bure inayorekodi WAV, weka 48,000 kwa sekunde, ndicho kiwango cha video. Kama programu inaruhusu, zima ule ujanja wa simu wa kuondoa kelele na kupandisha sauti yenyewe, maana ndio unaua vyura ukidhani ni uchafu. Vua soksi uivike simu, upepo wa ziwa utapungua. Nenda alfajiri maji yakiwa yametulia, kabla ya ule upepo wa alasiri. Usitume rekodi kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, itabanwa mpaka ilie kama redio ndani ya ndoo. Itume kama faili. Audacity ni ya bure. DaVinci Resolve iko na toleo la bure lenye sehemu nzima ya sauti ndani yake. Bajeti yote hiyo ni nauli ya tuktuk na soksi.

Na kila mahali mnaposhuti, kabla ya kufunga vitu, nyamazeni wote dakika moja mrekodi pumzi ya chumba. Kila chumba kina pumzi yake. Friji, feni, barabara ya mbali, nzi mmoja mkaidi. Mkikosa hiyo, kila mkikata mazungumzo kutabaki shimo, na mtu atasikia mkasi badala ya hofu.

Kitu kingine. Watu wenu wanatazama kwa simu, na spika ya simu haina kifua. Ule mngurumo mzito mnaoupenda unapotea wote, kwa hivyo hofu yenu nusu haimfikii mtu. Mkwaruzo, pumzi, mchanga, maji yanayodondoka kwenye karai, hizo zinapita hata kwenye spika mbovu ya simu ya elfu nane. Mkimtaka kiboko, msitegemee ule uzito wake wa chini. Mchukueni akipuliza maji puani. Na tafadhali, msiende kumtafuta ufukweni usiku. Kiboko hutoka majini usiku kula nyasi, na hajui wewe ni mwanafunzi. Nendeni Dunga mchana, ongeeni na viongozi wa BMU, ingieni boti na mvuvi anayejua umbali, mlipeni kitu kidogo. Mkirekodi sauti za watu, ombeni ruhusa. Uhalisia hautoi leseni ya kuiba.

Lakini lawama zote sitawawekea nyinyi. Nimeketi kwenye onyesho moja la filamu za wanafunzi, sitataja la nani, jaji akasimama kusifu filamu kwa kuwa na sauti "za kiwango cha kimataifa". Alimaanisha milipuko. Filamu iliyofuata ilikuwa na kuku, redio ya jirani na mlango wa bati, akaiambia ina "kelele za mtaani". Kelele za mtaani! Hapo ndipo vijana wanafundishwa kwamba Kisumu ni uchafu wa kufutwa na Los Angeles ni usafi wa kununuliwa. Walimu na majaji wetu, kama mnatoa alama za picha na alama za uigizaji, toeni alama za sauti peke yake, na muulize swali moja tu: hii umeirekodi wapi? Mkiuliza hilo miaka miwili mfululizo, mbwa mwitu wote watarudi kwao.

Hili ni kubwa kuliko alama, na ndiyo sababu naandika kwa hasira. Mwaka 2018, BBC waliweka mtandaoni sauti zaidi ya 16,000 kutoka ghala lao, mtu azitumie kwa masomo na mambo yake binafsi. Kuna Freesound, ghala lililoanzishwa chuo kikuu kimoja cha Barcelona mwaka 2005, ambako watu wa kila nchi wanapakia sauti za kwao. Mvua yao iko pale. Treni zao ziko pale, mpaka zile zilizokwisha kufa. Yetu iko wapi? Wavuvi wa omena walikuwa wanatoka usiku na karabai, na karabai ina sauti, ule mfyonzo wake mrefu juu ya maji, taa nyingi pamoja kama nyuki. Siku hizi wengi wamehamia taa za betri na sola. Ni vizuri kwao, taa hizo hazinywi mafuta ya taa na hazipigi kelele. Lakini sauti ya karabai inaondoka, na ikiondoka hakuna pakiti itakayoirudisha, kwa sababu mtengeneza pakiti hakujua ilikuwepo. Reli ilifika hapa mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, na injini za mvuke zililia kwenye ziwa hili miaka na miaka. Muulize aliyezaliwa juzi zililiaje. Atakuigizia treni ya katuni.

Ukishuti thrila yako mwaka huu na sauti za hapa, umepata filamu, na pia umeweka akiba. Miaka ishirini ijayo mtu atataka kujua Kondele ya leo ilisikikaje saa moja jioni. Hatapata jibu kwenye picha zako za Instagram. Atalipata nyuma ya mazungumzo ya filamu yako, kama hukuzifuta "kelele za mtaani" ukaweka magari ya Chicago.

Kwa hivyo naomba kitu kimoja, na ni kidogo. Kila kikundi kinachotengeneza filamu kuanzia Kisumu mpaka Homa Bay na Mbita kirekodi sauti kumi za kwao msimu huu. Kumi tu. Ziandikeni jina sawasawa: ni nini, wapi, saa ngapi. Zipakieni kwa leseni ya wazi, mwanafunzi wa Siaya azichukue bure na yule wa Migori aongeze zake. Sisi wenyewe tukiwa na ghala, siku moja msee wa Los Angeles anayeshuti stori ya ziwa letu atakuja kuomba sauti kwetu, badala ya kutubandikia ndege wa Australia.

Ukitaka kuanza leo, usingoje vifaa wala klabu. Usiku wa leo, kabla hujalala, zima data, zima feni, weka simu dirishani irekodi dakika tatu. Kesho asubuhi vaa hedifoni usikilize usiku wako mwenyewe. Ukimaliza hizo dakika tatu bila hata nywele moja kusimama, njoo kwenye komenti unitukane. Niko hapa.